Uzi Mwekundu Mezani: Uchambuzi wa Kisa cha Tangazo Lenye Athari za Picha

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha tangazo la televisheni la sekunde 45 lililotengenezwa kwa ajili ya kampuni inayouza nyuzi za kushonea. Majina ya kampuni, wakala wa matangazo, studio na watu wote yameondolewa, pamoja na nchi na mwaka. Bidhaa yenyewe nimeitaja kwa ridhaa ya waliohusika, kwani bila uzi hakuna kisa. Tangazo lilipomaliza muda wake hewani, studio ilinikabidhi storibodi (michoro inayopanga tangazo hatua kwa hatua), kumbukumbu za siku za kupiga picha, barua za mteja na matoleo ya kati ya kila shoti, yaani kila kipande cha picha, ili niyapitie kwa ajili ya kufundishia. Nilizungumza pia na mwongozaji, mhariri na msimamizi wa athari za picha, yaani mambo yanayoonekana kwenye skrini lakini hayakutokea hivyo mbele ya kamera.

Nimekichagua kwa sababu wapenzi wengi wa matangazo yenye picha za kustaajabisha huamini kwamba uzuri ule wote hutengenezwa kwenye kompyuta baada ya kamera kuzimwa. Hapa timu ileile ilitengeneza shoti moja ambayo watazamaji waliisimulia hadi vijisehemu vyake, na nyingine ghali zaidi ambayo waliisifu kisha ikawatoka. Kilichozitofautisha kiliamuliwa kabla kompyuta haijawashwa.

Usuli

Wazo lilikuwa hivi. Uzi mwekundu unachomoka kwenye pindo la koti lililotundikwa nyuma ya mlango. Unateremka sakafuni, unapanda mezani, unapenya katikati ya vyombo na kutokea dirishani. Nje unajisuka kuwa ndege. Ndege anaruka hadi ufukweni, anafumuka kuwa uzi tena, na uzi ule unaiburuta mashua kutoka mchangani hadi majini. Kisha uzi unarejea nyumbani na kulishona koti palepale lilipochanika. Jina la bidhaa linatokea katika sekunde tatu za mwisho.

Mteja alilikubali siku lilipowasilishwa. Wakala alikuja na mkusanyiko wa matangazo ya kupigiwa mfano, na matatu yalirudiwa mara nyingi mkutanoni. La kwanza ni la Guinness la mwaka 1999, lililoongozwa na Jonathan Glazer, ambamo farasi weupe wanachomoza ndani ya wimbi kubwa. La pili ni la Honda la mwaka 2003, la vipuri vya gari vinavyosukumana kimoja baada ya kingine kwa dakika mbili. La tatu ni la televisheni za Sony Bravia la mwaka 2005, ambamo mipira ya rangi inaporomoka kwenye mitaa ya miinuko ya San Francisco. Kumbukumbu za mkutano zinayaita yote matatu "matangazo ya athari", na lengo lililoandikwa ni kutengeneza kitu cha namna hiyo.

Hakuna aliyeuliza yalitengenezwaje. Mipira ya Sony ilikuwa mipira ya kweli, takriban 250,000, na mwongozaji Nicolai Fuglsig aliiachia iteremke barabarani huku kamera kadhaa zikiinasa. Vipuri vya Honda vilisukumana kweli. Kompyuta ilichofanya hasa ni kuunganisha vipande viwili virefu vionekane kimoja, na kiungo kikafichwa pale bomba la moshi linapobingirika sakafuni. Farasi wa Guinness walipigwa picha wakiwa farasi, mawimbi yakapigwa picha Hawaii, na kazi kubwa ikawa kuwaoanisha. Mkusanyiko ule, ungesomwa vizuri, ulikuwa ukisema: kwanza piga picha kitu cha kweli kinachofanya jambo la ajabu. Timu iliusoma kama ruhusa ya kutopiga picha kitu chochote.

Bajeti ilifuata usomaji huo. Zaidi ya nusu ya fedha za athari ilitengewa ndege, ambaye angeonekana kwa sekunde nne. Mashua ilichukua sehemu kubwa ya zilizobaki. Meza na vyombo vyake viliachiwa makombo.

Mfululizo wa matukio

*Unene wa uzi*

Kabla ya siku za kupiga picha, mpigapicha alifanya jaribio dogo, nalo likaibua tatizo ambalo storibodi haikuwahi kulifikiria. Uzi wa kushonea una unene wa theluthi moja ya milimita hivi, mara nyingi pungufu. Picha ya televisheni waliyokuwa wakiitengeneza ilikuwa na pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1920 kwa 1080. Kamera ikionyesha eneo la mezani lenye upana wa mita mbili, kila pikseli inabeba takriban milimita moja ya meza. Maana yake uzi ni mwembamba kuliko pikseli. Kwenye skrini unakatika vipande, unapotea na kuibuka, na ukisogea unametameta kama kasoro ya mitambo.

Uamuzi ulikuwa kutumia nyuzi tatu tofauti: uzi halisi wa bidhaa kwa picha za karibu sana, kamba nyembamba ya rangi ileile kwa picha za wastani, na uzi wa kompyuta ulionenepeshwa kwa picha za mbali. Ili macho yasiushtukie mchezo, walihakikisha msokoto unaonekana kwa uwiano uleule katika nyuzi zote tatu. Mtazamaji hapimi unene wa uzi. Huutambua kwa msokoto wake, na kwa jinsi unavyolala.

*Wekundu*

Tatizo la pili ni la rangi, nalo linastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu linawakuta wengi.

Picha ya video inapobanwa ili irushwe hewani, mwangaza wake huhifadhiwa kwa ukamilifu lakini rangi yake hupunguzwa. Katika mfumo unaotumika sana katika urushaji, taarifa za rangi hubaki nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 inakuwa na rangi ya kiwango cha 960 kwa 540 tu. Kwa kawaida hatuligundui hilo, maana jicho la binadamu ni kali kwa mwangaza na ni zito kwa rangi. Lakini mstari mwembamba mwekundu ni mtihani mgumu kuliko yote. Isitoshe, wekundu mkali hubeba mwangaza mdogo: katika viwango vya televisheni ya ubora wa juu, nyekundu huchangia takriban asilimia 21 tu ya mwangaza wa nyeupe, wakati kijani huchangia 72.

Seti ilikuwa imepangwa na meza ya mbao nyeusi-kahawia. Kwenye skrini ya studio ilipendeza sana. Kwenye nakala iliyobanwa, uzi na mbao vilikuwa na mwangaza unaokaribiana, tofauti yao ikabaki ya rangi peke yake, yaani ile inayokatwa nusu. Uzi ukageuka kuwa doa refu lililochuja.

Mpangaji wa seti alisikitika, lakini meza ilibadilishwa. Ikaletwa nyingine iliyopauka, karibu na rangi ya krimu, na uzi mwekundu ukawa mstari wenye giza juu ya uwanja wenye nuru. Hata ukiondoa rangi yote, uzi ulikuwa unaonekana. Jaribio hilo la kuitazama picha bila rangi halikugharimu kitu, na kwa maoni yangu ndilo uamuzi wenye faida kubwa kuliko wote katika kazi hii, ingawa halimo kwenye simulizi yoyote ambayo studio hutoa kuhusu tangazo lake.

*Siku ya meza*

Hapa palitokea ubishi ambao ulikwenda kinyume na nilivyotarajia. Mwongozaji alitaka kupiga picha meza tupu, kisha uzi wote utengenezwe kwenye kompyuta, ili awe huru kuamua baadaye uende wapi. Aliyepinga ni msimamizi wa athari za picha, mtu ambaye kazi yake ni huo huo uzi wa kompyuta. Hoja yake aliiandika kwa mstari mmoja katika kumbukumbu za siku: uzi naweza kuutengeneza, ila sina namna ya kutengeneza vizuri kila kitu ambacho uzi utakigusa.

Walikubaliana kupiga kwanza na uzi wa kweli, kisha kupiga meza hiyohiyo bila uzi. Kamera ilifungwa kwenye stendi ya miguu mitatu isisogee. Mwongozaji alinung'unika, kwa kuwa alipenda kamera inayoelea, lakini kamera iliyotulia ilimaanisha picha mbili zitalingana pikseli kwa pikseli, na chochote kisichotakiwa kingefutwa kwa kuazima kipande kutoka kwenye picha tupu.

Ncha ya uzi ilifungwa kwenye mshipi mwembamba wa nailoni usio na rangi, mshipi ukapitishwa kwenye tundu upande wa pili wa meza, na msaidizi aliyekaa chini akauvuta taratibu. Mbele ya kamera uzi ulionekana kutambaa wenyewe. Uligonga kijiko, kijiko kikacheza kidogo na kutulia. Ulikwaruza glasi ya maji, uso wa maji ukatetemeka. Ulipofika pembeni mwa kitambaa ulikaza, na kitambaa kikakunjika kabla uzi haujachomoka.

Kisha ukapita kwenye unga. Mpangaji wa seti alikuwa amenyunyiza unga kidogo mezani ili paonekane kuna mtu alikuwa akifanya kazi. Haukuwa sehemu ya storibodi. Uzi ulipopita uliacha mfereji mdogo, na chembe chache zikaruka zikaangukia juu ya uzi wenyewe. Msaidizi mmoja alitaka kuufuta kwa ajili ya kurudia, na msimamizi akamzuia. Walirudia mara kadhaa baada ya hapo, kila mara wakinyunyiza unga upya, lakini kipande kilichotumika ni kile cha kwanza.

Kabla seti haijavunjwa, msimamizi aliweka mezani tufe la fedha linaloakisi na tufe la kijivu, akayapiga picha kwa viwango tofauti vya mwanga, kutoka giza hadi mng'aro. Kutokana na tufe linaloakisi, kompyuta inajifunza mwanga wa mahali pale ulitoka wapi na kwa nguvu gani, kisha inaumulikia uzi wa bandia kwa mwanga huohuo. Ni mbinu ambayo Paul Debevec aliieleza mwaka 1998, na leo ni kawaida katika fani. Wengi huiacha siku ikiwa imechelewa na kila mtu anataka kwenda nyumbani. Hawa hawakuiacha.

*Ndege*

Shoti ya ndege ilianza na picha halisi ya mapaa na anga. Ndege mwenyewe alikuwa wa kompyuta tupu: kiunzi cha ndege anayepiga mbawa, na juu yake uzi mmoja mrefu uliozungushwa maelfu ya mizunguko. Kazi ya ufundi ilikuwa ya hali ya juu, na ninasema hivyo nikiwa nimeitazama fremu moja moja, yaani kila picha tuli inayounda video.

Ila hesabu zake zilikuwa kali. Tangazo lilikwenda kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde nne ni fremu 100. Fremu moja ilihitaji takriban saa mbili za kompyuta kurenda, yaani kukokotoa picha ya mwisho, jumla saa 200. Kwa mashine kumi zikifanya kazi pamoja ni saa 20. Kila mara mteja alipoomba badiliko moja, jibu lilipatikana karibu siku nzima baadaye, na alipoliona aliomba jingine. Mbawa ziwe pana zaidi. Ndege awe na uhai zaidi. Wekundu uzidi. Ombi la mwisho lilirudi mara nyingi, na kila wekundu ulipoongezwa, msokoto wa uzi ulifutika, maana rangi ikifika ukomo wake haibaki nafasi ya kuonyesha sehemu yenye nuru na yenye kivuli. Ndege wa matoleo ya kwanza anaonekana kuwa wa uzi. Ndege wa toleo lililorushwa anaonekana kuwa wa plastiki.

Kamera nayo ilikuwa ya kubuni. Inamzunguka ndege, inapita chini ya ubawa, inapanda juu ya kichwa chake bila mtikisiko. Siku ya mwisho kabisa ya kazi, msimamizi aliongeza kivuli cha ndege kikipita ukutani na kwenye paa moja. Kilimchukua muda mfupi, na ndicho kitu pekee katika shoti ile kinachomfungamanisha ndege na mahali.

*Mashua*

Mashua ya kweli iliburutwa kwa waya wa chuma. Baadaye waya ulifutwa na uzi mwekundu ukachukua nafasi yake. Kiufundi shoti ilikamilika mapema na ilikuwa nzuri: mchanga ulitifuka, mashua ilitikisika, uzito ulionekana. Mkuu wa masoko wa kampuni aliipenda kuliko zote na akaandika kwamba hapo watu wataona jinsi uzi wetu ulivyo imara.

Sentensi hiyo ndiyo iliyoiponza. Ilimfikia mwanasheria aliyepewa kazi ya kupitia tangazo kabla ya kupelekwa kwenye vituo, naye akauliza kama kampuni inadai kwamba uzi wake unaweza kuvuta mashua. Kama haidai, kwa nini inaonyesha?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1965 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri kati ya tume ya biashara ya nchi hiyo na Colgate-Palmolive. Tangazo la krimu ya kunyolea lilionyesha msasa ukinyolewa mara tu baada ya kupakwa krimu, lakini kilichonyolewa hakikuwa msasa. Kilikuwa kioo cha plastiki kilichomwagiwa mchanga. Mahakama ilisema kuwa kumwonyesha mtazamaji uthibitisho wa ubora wa bidhaa, huku ukimficha kwamba alichokiona si jaribio lenyewe, ni udanganyifu. Mahakama hiyohiyo ilitofautisha na hali nyingine: viazi vilivyopondwa vikitumiwa badala ya aiskrimu inayoyeyuka chini ya taa za studio si tatizo, mradi havitumiki kuthibitisha sifa za aiskrimu. Mwaka 1990 Volvo nayo iliondoa hewani tangazo lililoonyesha gari lake likistahimili kukanyagwa na lori lenye magurudumu makubwa, baada ya kubainika kwamba gari lile lilikuwa limeimarishwa kwa ajili ya kupiga picha.

Hayo ni ya Marekani, na kila nchi ina kanuni zake, lakini mpaka uliochorwa pale ni mzuri kuufikiria popote. Ndege wa uzi hamdanganyi mtu, kwa sababu hakuna anayenunua uzi akitarajia uruke. Mashua inayovutwa na uzi, ikionekana ya kweli kabisa, ni suala jingine: uimara ndio mnunuzi anaoutafuta, na shoti inamwonyesha uimara kwa njia inayofanana na jaribio. Kadiri athari zilivyokuwa bora, ndivyo tatizo lilivyokua.

Mapendekezo yalikuwa matatu. La kwanza, maandishi madogo chini ya picha yanayosema imetengenezwa. Mwanasheria hakuyapenda, kwa kuwa maandishi ya sekunde mbili hayafuti alichokiona mtazamaji. La pili, shoti ifutwe na muda upewe ndege. La tatu lilitoka kwa mhariri: mashua yenyewe isukwe kwa uzi. Uzi usivute mashua, uwe mashua. Hapo hakuna anayeweza kudhani anaonyeshwa jaribio.

Wakachukua la tatu, na liliwezekana kwa bahati. Picha ya mashua ya kweli haikufaa tena, na hakuna aliyekuwa ameagiza ufukwe upigwe picha ukiwa mtupu. Lakini mpigapicha alikuwa ameiwasha kamera mapema, kabla mashua haijasogezwa mahali pake, na sekunde hizo chache ndizo zilizotumika.

Sauti iliwekwa mwishoni, kwa haraka, na haikuleta shida.

Matokeo

Tangazo lilikabidhiwa kwa wakati na likarushwa. Fedha za athari zilikwisha zote, na studio ilimalizia mashua ya pili kwa kufanya kazi ambayo haikulipwa.

Wakala aliwaonyesha tangazo watu wa vikundi viwili vidogo na kuwauliza, siku kadhaa baadaye, wanakumbuka nini. Hizi ni kauli za watu wachache, hazifai kugeuzwa takwimu. Ila mwelekeo wake haukuwa na utata. Waliulizwa kwa jumla, bila kuongozwa, na walichokitaja mara nyingi ni uzi kupita kwenye unga. Wengine walieleza hata kijiko kilivyocheza. Ndege alitajwa pia, kwa sifa, lakini kwa maneno ya jumla: alikuwa mzuri, alikuwa mkubwa. Wawili walidhani wametazama tangazo la shirika la ndege. Jina la uzi lilikumbukwa na wachache kuliko mteja alivyotaka.

Kuhusu mauzo siwezi kusema lolote la maana, kwa sababu kampuni ilishusha bei wiki ileile.

Uchambuzi

Kinachotufanya tuikubali picha isiyowezekana ni alama inazoziacha kwenye vitu vinavyowezekana. Uzi wa mezani haukuwa na umbo la kushangaza. Ulikuwa uzi. Lakini ulisogeza kijiko, ulitikisa maji, ulikunja kitambaa, na unga ulibaki na kovu baada ya uzi kupita. Macho yetu yana uzoefu mwingi wa unga, vijiko na vitambaa, yakaviangalia hivyo na kuridhika, kisha yakaupa uzi imani ileile bila kuuchunguza. Ndege hakugusa kitu. Hakuna jani lililotikisika, hakuna vumbi lililopaa, na kivuli kililetwa mwishoni. Mtazamaji aliachwa na ndege peke yake, na ukiachwa na kitu cha kompyuta peke yake unaanza kukikagua.

Hata mifano inayoonekana kupinga hoja hii huirudia ukiichungulia. Mwaka 2013 studio ya Framestore ilimrudisha Audrey Hepburn, aliyefariki mwaka 1993, katika tangazo la chokoleti ya Galaxy. Uso ulitengenezwa kwenye kompyuta, lakini mwili ulikuwa wa mwigizaji wa kweli aliyeketi, akageuka na kushika vitu kwa mikono yake mwenyewe. Uso ule uliwekwa juu ya uzito uliokwisha kuwepo.

Kamera ya ndege ni kosa la aina hiyohiyo. Mwongozaji aliamini kamera huru huongeza mshangao. Mimi naona inaupunguza. Kamera ikifanya kisichowezekana wakati mhusika naye anafanya kisichowezekana, hakuna kilichobaki cha kupimia. Kwenye meza, kamera iliyotulia kama ya mtu aliyekaa kitini ndiyo iliyofanya uzi uonekane wa ajabu. Utulivu ule ulichaguliwa kwa sababu ya kiufundi tu, ili mshipi wa nailoni ufutwe kwa urahisi, na bado ukawa uamuzi wa kisanaa uliofanikiwa kuliko ule uliobuniwa kuwa wa kisanaa.

Mgawo wa bajeti nisingeulaumu kwa jumla. Ndege asingewezekana kwa fedha kidogo. Ninacholaumu ni kwamba zote zilikwenda kwenye kurenda, na hakuna hata sehemu ndogo iliyobakizwa kwa siku ya kupiga picha za mapaa. Mtu mmoja kwenye paa akivuta nguo zilizoanikwa kwa kamba wakati "ndege anapita", au kishada cha karatasi kikipeperushwa mbele ya kamera, vingegharimu kidogo kuliko toleo moja la marekebisho. Tena vingempa mhuishaji, anayemwendesha ndege kwenye kompyuta, kitu cha kulenga: ndege lazima apite hapa, kwa kasi hii, kwa sababu nguo zimeshatikisika. Mipaka ya namna hiyo hupunguza pia maoni ya mteja. Mteja aliomba mbawa zibadilishwe tena na tena kwa sababu hakukuwa na chochote kwenye picha kilichosema mbawa zinapaswa kuwa na ukubwa gani.

Kuhusu mashua, suluhisho lilikuwa zuri na lilichelewa. Swali la mwanasheria lingeweza kuulizwa siku storibodi ilipochorwa, kwa sababu halihitaji picha iliyokamilika. Unachukua kila shoti ambamo bidhaa inafanya jambo na kuuliza: je, hili ndilo jambo ambalo mnunuzi anatarajia bidhaa ilifanye? Kama ndilo, onyesha kwa ukweli au usionyeshe. Kama silo, vuka mipaka kadiri unavyotaka. Studio sasa inaliuliza swali hilo mwanzoni, nami nimeona fomu yao. Ni safu moja iliyoongezwa pembeni mwa storibodi.

Jambo ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha na waliohusika ni jina la bidhaa. Sekunde 42 za kwanza zingeweza kuwa za mtengeneza makoti, kampuni ya utalii au shirika la ndege. Roli ya uzi haionekani hata mara moja hadi mwisho. Matangazo yanayosifiwa kwa athari zake huangukia hapo mara kwa mara: kila mtu anayasimulia, na nusu ya wasimuliaji wanakosea ni ya nani. Mipira ya Sony ilinusurika kwa sababu ilichokionyesha, rangi, ndicho hasa kilichokuwa kikiuzwa. Uzi nao ulikuwa na bahati hiyo. Kushona ndiko kuuzwako, na shoti ya kushona koti ilipewa muda mfupi kuliko ndege.

Mhariri aliliona hilo. Mteja alipohitaji toleo la sekunde 20, alianza na roli ikizunguka kwenye kiganja, akaenda moja kwa moja mezani, akakaa kwenye unga kwa muda mrefu kuliko katika toleo la kwanza, akaishia kwenye koti. Mashua ilipita kwa sekunde moja na nusu. Ndege hakuwemo. Mteja alilipenda kuliko lile refu, na ndilo lililoendelea kurushwa baada ya lile refu kuondolewa.

Mwongozaji hakukubaliana nalo na hakuliweka kwenye mkusanyiko wa kazi zake. Mkusanyiko huo unafunguliwa na ndege, na kwa maelezo yake mwenyewe ndege ndiye aliyempatia kazi mbili zilizofuata. Sioni sababu ya kumbishia. Waliomwajiri walikuwa wakitafuta mtu anayeweza kutengeneza ndege, wala hawakuwa wakitafuta uzi.